Winchi ya umeme: Namba ya kwenye boksi siyo inayovuta gari matopeni

MVUA za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023 na masika ya 2024 ziliwakumbusha wasafirishaji wa mazao nchini jambo wanalolijua siku zote, kwamba barabara inaweza kukatika saa yoyote na gari lenye mzigo likikwama, hasara huanza kuhesabiwa papo hapo.

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kuwa watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua na mafuriko. Mapema Mei kikafuata kimbunga Hidaya, ambacho kilikata barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara.

Maafa ya kiasi hicho hayazuiliwi na kifaa kinachofungwa kwenye bampa. Lakini nyuma ya habari hizo kubwa ipo kero ndogo isiyoandikwa magazetini, nayo hurudi kila msimu. Mtandao wa barabara zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017, una urefu wa zaidi ya kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni ya udongo. Huko ndiko viazi vya Makete, mpunga wa Kilombero na mboga za Lushoto vinakoanzia safari ya kwenda sokoni.

Si ajabu basi kwamba hata mwenye pikapu ya kubebea nyanya anaulizia winchi ya umeme, kifaa ambacho kwa miaka mingi kilizoeleka kwenye magari ya watalii, ya hifadhi na ya miradi. Kampuni ya Warn ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa winchi yake ya kwanza ya umeme kwa magari ya watu binafsi mwaka 1959. Leo watengenezaji ni wengi, na sehemu kubwa ya winchi za bei nafuu hutoka China.

Tatizo linaanzia kaunta. Mnunuzi huwekewa mbele yake maboksi mawili, yote yameandikwa 12,000, ila moja linauzwa mara kadhaa ya bei ya lingine. Muuzaji naye hana muda wa kueleza. Wengi hubeba la bei ndogo, wakiamini kwamba namba ni namba tu.

Namba hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani, lakini ni ya hali moja tu, ambayo gari lililozama tope huipata kwa nadra.

Uzito kwanza, bei baadaye

Namba kwenye boksi kwa kawaida ni ratili, zinazoandikwa kwa herufi lb, wala si kilo. Winchi ya ratili 9,500 ina uwezo wa kilo 4,300 hivi. Ile ya 12,000 ni kilo 5,440. Anayesoma 9,500 akadhani ni kilo amejidanganya kwa zaidi ya nusu.

Kanuni inayotumiwa na mafundi na watengenezaji wengi ni kuchukua uzito wa gari likiwa limejaa, pamoja na mafuta, abiria na mzigo, kisha kuuzidisha kwa moja na nusu. Winchi isipungue hapo. Pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ikipakiwa kwa kiwango kinachoruhusiwa, huwa na zaidi kidogo ya tani 3. Kwa tani 3.2, hesabu inatoa kilo 4,800. Hapo winchi ya 9,500 imeshaachwa nyuma, na ya 12,000 ndiyo inayotosha.

Hiyo ni kwa anayepakia kwa mujibu wa sheria. Kila mtu anajua kinachofanyika gulioni. Gari lenyewe lina tani 2 hivi, juu yake zinapangwa gunia za tani 2 nyingine, na vijana wanne wanakaa juu ya gunia. Hizo ni zaidi ya tani 4, na hesabu ya moja na nusu inavuka kilo 6,000. Hata winchi ya 12,000 haifiki, na mwenye gari huishia kulaumu kifaa wakati kosa lilifanyika wakati wa kupakia.

Tope nalo lina hesabu yake. Miongozo ya jeshi la Marekani ya kukwamua magari hukadiria kwamba gari lililozama hadi kina cha magurudumu huhitaji nguvu sawa na uzito wake wote pamoja na mzigo. Likizama hadi kwenye madigadi, nguvu hiyo huwa mara mbili. Kwa maana hiyo, pikapu ya tani 4 iliyokalia tumbo katika udongo wa mbuga inaweza kudai nguvu ya tani 8. Hakuna winchi ya kawaida ya bampa inayotoa nguvu hiyo kwa kuvuta moja kwa moja.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kukwamua gari ni jembe. Kuchimba mbele ya magurudumu na kuondoa tope lililokaba chini ya gari hupunguza mzigo wa winchi kuliko tofauti yoyote ya modeli. Kushusha nusu ya gunia pia ni kazi ya dakika chache, ingawa wenye mali huwa hawapendi kuisikia.

Ngoma ikinenepa, nguvu inapungua

Jambo ambalo halisemwi kaunta ni hili. Nguvu iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana pale tu kamba inapokuwa kwenye tabaka la kwanza, yaani imebaki mizunguko michache iliyogusa ngoma yenyewe. Kadiri kamba inavyojiviringisha juu ya nyingine, ngoma inanenepa na nguvu inashuka. Ni kama mwendesha baiskeli anayepanda kilima kwa gia nzito, miguu ni ileile lakini baiskeli haiendi.

Katika winchi nyingi, tabaka la nne hubaki na takriban theluthi mbili ya nguvu ya kwanza, na nyingine hushuka zaidi ya hapo. Mti ukiwa hatua kumi tu mbele ya gari, kamba nyingi bado imo kwenye ngoma. Kwa hiyo winchi ya kilo 5,440 inaweza kuwa inavuta kwa kilo 3,600 au pungufu, na dereva anashangaa kwa nini mota inaguna bila gari kusogea.

Dawa yake ni mbili. Kwanza ni kutafuta mti wa mbali kuliko wa karibu, bila kumaliza kamba yote. Kwa kamba ya chuma ibaki mizunguko isiyopungua mitano kwenye ngoma, na kwa ile ya sintetiki ibaki hadi kumi, kwa sababu huteleza zaidi. Ndoano ndogo inayoshika mwisho wa kamba kwenye ngoma haikutengenezwa kubeba mzigo.

Pili ni kapi. Kamba ikipitishwa kwenye kapi lililofungwa mtini kisha ndoano ikarudishwa hadi kwenye gari, nguvu inakaribia kuwa mara mbili, ukiondoa kidogo kinachopotea kwa msuguano. Mwendo unapungua kwa nusu, lakini hakuna anayewahi ndege. Zaidi ya hayo, kamba nyingi hutoka, kwa hiyo ngoma inarudi karibu na tabaka lake lenye nguvu.

Kapi zuri lenye uwezo wa angalau mara mbili ya nguvu ya winchi linagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya winchi. Kwa mfanyabiashara mwenye fedha ya kubana, winchi ya wastani pamoja na kapi ni ununuzi wa busara kuliko winchi kubwa peke yake.

Betri ndiyo injini ya winchi

Wengi hufunga winchi mpya kwenye gari lenye betri iliyochoka, halafu siku ya tope inazimika baada ya mita tatu. Winchi ya ratili 9,500 au 12,000 ikivuta kwa nguvu zote kwenye umeme wa volti 12 huweza kunywa ampea 400 au zaidi. Alteneta ya gari la zamani hutoa ampea 60 hadi 80. Zinazobaki zote hutoka kwenye betri.

Kwa hesabu rahisi, dakika 5 za kuvuta kwa ampea 400 hutumia ampea-saa 33. Betri ya N70, yenye takriban ampea-saa 70 ikiwa mpya, imeshapoteza karibu nusu ya uwezo wake, na kwa kuwa betri ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu ya ilichoandikiwa, hali halisi huwa mbaya zaidi. Kama ni betri ya miaka mitatu, injini inaweza isiwake tena.

Kwa sababu hiyo injini lazima iwe inanguruma muda wote wa kuvuta, na uvutaji ufanywe kwa vipindi vifupi. Dakika moja ya kuvuta, kisha mapumziko ya kutosha, mota ipoe na betri ipate chochote. Mota ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, kazi isimame. Winchi hizi hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo kama mashine ya kusaga.

Kabla ya kununua, gari lipimwe volti. Malori mengi ya Fuso na Isuzu hutumia volti 24, wakati pikapu nyingi ni volti 12. Ipo pia mitego, kwani baadhi ya magari ya dizeli yana betri mbili, na betri mbili hazina maana kwamba ni volti 24. Fundi apime kwa mita badala ya kuhesabu betri kwa macho.

Nyaya ziwe nene na fupi, zifungwe moja kwa moja kwenye betri, na iwepo swichi ya kukatia umeme ambayo dereva anaifikia haraka. Swichi hii wengi huiona ni anasa. Lakini kifaa kinachowasha na kuzima mota, kile mafundi wanachokiita solenoidi, kinaweza kunasa kikiwa kimewaka. Hapo kuachia kitufe cha rimoti hakusaidii kitu, winchi inaendelea kuvuta hadi kitu kivunjike.

Mota, gia na maji

Mota ziko za aina mbili. Zenye sumaku ya kudumu hunywa umeme kidogo, ni nafuu, na zinatosha gari dogo linalokwama mara chache, ila hupata joto haraka na kulegea. Zile ambazo sumaku yake hutengenezwa na nyaya, zinazojulikana kama siriesi, hunywa umeme zaidi na hustahimili kazi nzito. Kwa gari la biashara la tani 3 na kuendelea, hii ya pili ndiyo ya kuulizia.

Gia za winchi nyingi za leo ni zile zinazozungukana. Zinatosha.

Maji yanastahili umakini kuliko gia, maana winchi inakaa mbele kabisa, mahali ambapo gari linaingia mtoni kwanza. Alama ya IP67 ina maana kwamba kifaa kinaweza kuzamishwa maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30 bila kuharibika, na IP68 inazidi hapo kwa kiwango anachotaja mtengenezaji. Isiyo na alama yoyote ichukuliwe kuwa haipendi maji, hata kama muuzaji anaapa.

Dukani, kabla ya kulipa, winchi iungwe kwenye betri. Ngoma ilegezwe na kuzungushwa kwa mkono, ivute, irudishe, isikilizwe. Kisha mnunuzi aulize swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi: brashi za mota, solenoidi na rimoti ya modeli hii zinapatikana wapi? Winchi ya bei nafuu yenye vipuri mjini inaweza kumfaa mkulima wa Mbinga kuliko yenye jina kubwa ambayo solenoidi yake inaagizwa Ulaya.

Risiti ya EFD iandikwe modeli na namba ya winchi, isiandikwe "vifaa vya gari" tu. Bila hiyo, mnunuzi aliyeuziwa bidhaa bandia anakwenda Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, akiwa na maneno matupu mkononi.

Kamba inapokatika

Gari linapokwama kijijini, watu hukusanyika. Watoto hukaa mbele kabisa ili waone vizuri, na wasukumaji husimama wakipatana bei wakiwa wameegemea kamba. Hapa ndipo uchaguzi wa kamba unakuwa suala la uhai.

Kamba ya chuma inavumilia mawe, jua na uzembe. Inapatikana kirahisi, na ndiyo inayokuja na winchi nyingi za bei ndogo. Lakini ikikatika ikiwa imekazwa, hurudi kama mjeledi na inaweza kuua. Nyuzi zake zikianza kuchomoza huchana viganja, kwa hiyo glavu za ngozi si za mapambo.

Kamba ya sintetiki ya aina ya Dyneema ni nyepesi, kwa unene uleule ni imara kuliko chuma, na ikikatika haibebi nguvu nyingi ya kurudi. Adui zake ni jua, joto la ngoma, na mchanga unaoingia katikati ya nyuzi na kuzila polepole. Inahitaji kuoshwa baada ya kila tope, na kupitishwa kwenye mdomo laini wa alumini badala ya roli zilizochanwa na waya wa chuma.

Kwa gari linalokwama mbele ya umati kila mara, kamba ya sintetiki inastahili bei yake iwapo mwenye gari atakubali kuiosha. Asiyeosha hata gari lenyewe abaki na chuma.

Kwa kamba yoyote ile, koti zito au gunia lenye mchanga kidogo litundikwe katikati ili likitokea la kutokea liivute chini. Watu wakae mbali kuliko urefu wa kamba iliyotoka, na asiruke mtu juu yake. Kamba isizungushwe mtini na ndoano kuirudia yenyewe, kwa sababu inajikata na kuukata mti. Mkanda mpana ndio unaofungwa mtini, chini karibu na mizizi.

Bampa nayo iangaliwe. Bampa ya kuchomelewa mtaani kwa bati nene inaweza kupendeza, lakini nguvu ya tani 5 inapita kwenye boliti zake. Kitako cha winchi kifungwe kwenye chasisi, kwa boliti zenye alama ya 8.8 au zaidi kichwani. Zipo ajali ambazo kamba ilibaki nzima, winchi nzima ikang'oka na kuruka.

Nani anunue, nani aache

Swali la mwisho ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Tuseme mfanyabiashara hulipa Sh50,000 kwa trekta kila anapokwama, na hukwama mara 6 kwa msimu. Hizo ni Sh300,000. Tuseme tena winchi, kapi, mkanda, betri imara na kazi ya fundi vinamgharimu Sh2.5 milioni. Kwa hesabu ya trekta pekee, fedha yake itarudi baada ya misimu zaidi ya 8. Hiyo si biashara.

Lakini mtu huyohuyo akiwa anabeba nyanya au maziwa, na mara moja kwa msimu mzigo wa Sh700,000 unaoza akisubiri trekta, hasara inafika Sh1 milioni, na winchi inajilipa kwa misimu miwili na nusu. Anayebeba mahindi makavu au kahawa ya ganda anaweza kulala njiani na mzigo ukafika salama. Aina ya mzigo inaamua zaidi kuliko ubovu wa barabara.

Anayekwama mara mbili kwa mwaka anaweza kutosheka na winchi ya mkono, ile ya mpini na kamba ya chuma, ambayo wengi huiita Tirfor kwa jina la chapa yake maarufu. Zipo za kilo 1,600 na za kilo 3,200. Ni nzito kubeba na kazi yake ni ya jasho, lakini haihitaji betri, huvuta kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, inavuta gari mbele au nyuma, na inaweza kuhamishwa kutoka gari moja kwenda jingine. Wafanyabiashara watatu wa kijiji kimoja wanaweza kununua moja kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa winchi iliyofungwa kwenye bampa ya mmoja wao.

Kwenye mbuga zisizo na mti, zote mbili zinahitaji pa kushika. Madereva wazoefu hufukia spea tairi kwenye shimo refu lililochimbwa kukingama na upande wa kuvuta, huku mkanda ukitokea kwenye mfereji mwembamba ulioinama kuelekea gari. Ni kazi ya nusu saa kwa watu wawili wenye majembe.

Waliokwisha kununua wanashauriwa kutosubiri tope ili kuijaribu. Kamba mpya huja ikiwa imelegea kwenye ngoma, na ikivutwa hivyo kwa mara ya kwanza na mzigo mzito, tabaka la juu huzama katikati ya la chini na kunasa. Itolewe yote isipokuwa mizunguko ile ya mwisho, ifungwe kwenye mti, na gari lenyewe lijivute polepole kwenye ardhi kavu yenye mwinuko kidogo huku msaidizi akigusa breki, hadi kamba ijipange mstari kwa mstari. Kazi hiyo ifanywe Septemba kwa wanaosubiri vuli, na Februari kwa wanaosubiri masika.